Dereva ya Sauti

Juzi fundi alifungua kompyuta moja ya ofisini kwetu, akapuliza vumbi lililokuwa limekaukia ndani, na ile harufu ikanijia kabla sijajitayarisha. Ni harufu ya vumbi lililochomwa na umeme pole pole kwa miaka, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Wenzangu walikimbilia madirisha. Mimi nilisogea karibu, kwa sababu nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa darasa la pili, nimechuchumaa nyuma ya pazia la maua katika nyumba yetu ya vyumba viwili pale mtaa wa West Indies, Eldoret, nikisikiliza watu wazima wakizungumza juu ya kifo cha baba yangu. Angalau hivyo ndivyo nilivyoamini, na hakuna aliyenisahihisha kwa kuwa hakuna aliyejua ninaamini nini.

Wazazi wangu walihamia Eldoret kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa. Mama alifundisha watoto wa nasari kanisani. Baba aliendesha lori la Mzee Hassan, Msomali mpole mwenye ndevu za hina ambaye malori yake yalipeleka bidhaa hadi ndani kabisa ya Sudan. Mshahara ulikuwa na tabia ya kuchelewa, basi kila Baba alipofunga mizigo yake Mama alimtania: "Haya dereva wa bure, safari njema." Baba alicheka na kuniambia nisikubali kamwe kuolewa na mwalimu, ati wana mdomo. Sikuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemuoa mwalimu.

Safari moja Baba hakurudi. Siku alizozoea kurudi zikapita, nyingine zikaja, Mama akaanza kuweka chakula chake pembeni na asubuhi kunipa mimi nikile kimepoa. Kisha Mzee Hassan akabisha hodi. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, lori imeanguka huko mbali," alisema. "Lakini dereva iko hospitali. Wallahi iko sawa."

Mama hakulia wala hakuuliza swali. Alisema asante, akammiminia mgeni chai, na huyo alipoondoka akaketi akitazama kikombe alichokiacha. Lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu ataona alikuwa na moyo mgumu. Kwetu kifo hakiletwi mlangoni kikiwa kizima. Huletwa kipande kipande. Unaambiwa mtu ni mgonjwa kidogo, halafu amelazwa, halafu njoo tu nyumbani na nguo za kubadilisha. Mama alikuwa ameambiwa hivyo hivyo kuhusu baba yake mwenyewe, akapanda gari na zawadi ya machungwa ya mgonjwa, na alipofika akakuta hema la matanga limesimamishwa uani. Tangu siku hiyo neno "amelazwa" kwake lilikuwa na maana moja tu.

Huko aliko Baba hakukuwa na simu za mkononi, na huku kwetu nazo zilikuwa za wenye nazo. Mzee Hassan akaja tena na tena na maneno yale yale, na kila alivyozidi kuapa ndivyo Mama alivyozidi kuamini kwamba Baba anazikwa taratibu. Mwisho mzee akaleta kitu. Ilikuwa CD, imefungwa kwa karatasi ya mkate, ameipokea kutoka kwa dereva wake mwingine aliyepita hospitali ile. Alisema mikono ya Baba yote miwili ilikuwa imefungwa plasta, hawezi kushika kalamu, na daktari mmoja wa misaada mwenye kompyuta amerekodi sauti yake na kuitia humo.

Mama aliigeuza geuza. Upande mmoja ulimrudishia uso wake.

"Barua mtu yeyote anaweza kuandika," akasema. "Sauti yake ndiyo nitaamini."

Na hapo ndipo mkasa wa nyumba yetu ulipoanza, kwa sababu kompyuta tulikuwa nayo, lakini ilikuwa bubu.

Ilikuwa ya Anko Ouma, mdogo wake Mama, aliyekuwa akisoma chuo kule Kesses na kuja kwetu kila wikendi kula. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa: kasha la ofisi fulani, skrini yenye doa la zambarau, spika mbili zisizofanana. Aliiacha kwetu kwa sababu bweni lake lilikuwa na wezi. Ndani alikuwa ameweka Linux, jina alilolitamka kama mtu anayetaja dhehebu lake. Haina virusi, alituhubiria, haina mwenyewe, ni ya watu wote, na ni ya bure. Kitu kimoja tu hakukihubiri, nacho ni kwamba tangu uundwe mtambo ule haujawahi kutoa hata mlio wa panya.

Tuliiweka CD. Kompyuta iliisoma vizuri. Kulikuwa na faili moja, na mstari mdogo uliotembea kwenye skrini kuonyesha kwamba Baba anaongea. Tuliutazama ukitoka kushoto hadi kulia. Spika zilikaa kimya. Mama alikuwa ameinamia meza, mkono kifuani, na mstari ulipofika mwisho alibaki vile vile.

"Iko kimya kwa sababu ya mashine," Anko alisema haraka. "Si kwa sababu... ni mashine, dada."

Alijitolea kwenda nayo chuoni, akaisikilize na kurudi na habari. Mama akasema CD haitoki nyumba hii. "Ukiisikia kwanza na iwe mbaya, utanidanganya kama hao wengine. Nakujua." Redio ya CD ya jirani ilikataa kuisoma, kwa kuwa haikuwa CD ya nyimbo. Mjini kulikuwa na cyber, duka la kompyuta za kukodisha, na Mzee Hassan alikuwa tayari kutupeleka kwa gari lake, lakini Mama alitikisa kichwa. "Siwezi kwenda kulilia bwana yangu kwa cyber ya watu. Kama ni mbaya, nitaisikia nikiwa kwangu."

Haya nitakayoeleza sasa nimeyajua ukubwani. Kila kifaa kilicho ndani ya kompyuta huhitaji programu ya kukiendesha, na programu hiyo watu wa kazi huiita dereva. Kadi ya sauti ya Anko ilikuwa ya aina ngeni, na madereva ya bure yanayokuja na Linux hayakuifahamu. Lakini kulikuwa na kampuni ng'ambo iliyouza dereva yake yenyewe, ya biashara, unayolipia na kupewa leseni. Kwa Anko hii ilikuwa aibu kubwa. Mtu aliyehubiri mambo ya bure nyumba nzima sasa alitakiwa kununua.

Nilikuwa nyuma ya pazia alipokuja kukiri. Mama alikuwa akipanga sare zangu za shule. Anko alikaa, akashusha pumzi, akasema maneno ambayo hata leo naweza kuyarudia bila kukosa silabi.

"Dada, nimejaribu yote. Dereva ya bure imekufa. Nimeifufua imekataa. Lazima sasa tutafute ingine, ya kulipwa."

Mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Hakuna njia ingine?"

"Hakuna. Hiyo ya bure tusahau."

Mtoto wa Pwani angeokoka hapa. Mtoto wa Pwani angesikia "imekufa" na kujua hapo hapo kwamba si mtu, kwa maana mtu "amekufa", na angerudi kwenye michezo yake. Lakini sisi ni watu wa Eldoret. Kwetu Baba "iko kazini", mwalimu "imekuja", na Mzee Hassan alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba dereva "iko hospitali". Sarufi tuliiacha darasani na chaki. Dereva wa bure nilimjua mmoja tu duniani, na Anko alikuwa amesema amekufa, amejaribu kumfufua akakataa, na sasa wanatafuta mwingine wa kulipwa.

Sikulia. Nilifikiri: kwa hivyo Mama anajua, ananificha, kama wanavyofichwa watu. Nilimwonea huruma kwa kazi hiyo ya kuficha, na nikaamua kumsaidia kwa kujifanya sijui. Nilikuwa mtoto mwenye adabu kupita kiasi.

Lakini yule dereva mpya sikuwa tayari kumpokea. Nilichukua buti za Baba chini ya kitanda nikazisukuma nyuma ya gunia la mahindi. Nilichukua kikombe chake cha bati nikakifunga ndani ya sweta yangu. Sapatu zake nilizivaa mwenyewe, ngumi nzima ya nafasi ikibaki nyuma ya visigino, na nilikwenda nazo hadi dukani nikianguka anguka. Huyo wa kulipwa, nilijiambia, aje na vitu vyake.

Wikendi iliyofuata nilimvizia Anko akinawa mikono.

"Dereva mpya inakuja lini?"

Alifurahi kwamba kuna mtu mmoja nyumbani anayejali teknolojia. "Ikilipiwa tu, inakuja siku hiyo hiyo. Inatumwa."

"Na itakaa hapa?"

"Itakaa kabisa. Leseni yake haiishi."

"Na Baba?"

Uso wake ukabadilika, akajifutia maji ya vidole kichwani pangu. "Hiyo ikishaingia, ndiyo tutajua mambo ya Baba."

Nilienda kuzifukia buti zaidi.

Tatizo la Anko lilikuwa kwamba kampuni ile ilitaka kulipwa kwa kadi ya benki ya ng'ambo, na West Indies yetu, pamoja na jina lake kubwa, haikuwa na mtu mwenye kadi kama hiyo. Mwenye watu ng'ambo tuliyemjua alikuwa Mzee Hassan. Alipokuja Jumamosi ile, Anko aliketi mbele yake kwa heshima zote.

"Mzee, tunaomba usaidizi. Tunahitaji dereva kutoka majuu."

Mzee Hassan alimtazama, akamtazama Mama, akarudi kwake. "Kutoka majuu? Kwani hapa Eldoret dereva zimeisha?"

"Hapa hakuna yenye inaweza hii kazi, Mzee."

"Mimi nimeandika dereva mpya wa lori juzi, kijana kutoka mji wa Turbo. Mzuri sana, hainywi pombe. Wewe unataka mzungu?"

"Si ya lori. Ni ya sauti."

"Dereva ya sauti!" Mzee aligonga goti. "Hiyo inafanya kazi gani? Inapiga kelele?"

Mama aliweka kanga mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani kilio kimekuja hatimaye, kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kile kilimshinda nguvu hata akalazimika kushika meza. Anko alieleza yote tangu mwanzo, kadi, programu, leseni, na Mzee Hassan alisikiliza kama anayesikiliza shauri la mipaka ya shamba. Mwisho akasema mpwa wake aliye Amerika atailipia, na asitajiwe habari ya kurudisha. "Huyo aliumia kwa lori yangu," alisema. "Hata mimi nataka kusikia yeye."

Mimi nilichokisikia kutoka nyuma ya pazia ni kwamba kuna vijana wa Turbo wasiokunywa pombe, na wazungu, wote wanagombea nafasi ya Baba, na kwamba Mama amecheka.

Wakarudi alasiri moja pamoja, Anko na mzee, mvua ikiwa imewafuata kutoka cyber ya mjini. Ilikuwa ile mvua ya Eldoret yenye mawe, inayogonga mabati kana kwamba inadai kufunguliwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sapatu za Baba, tayari kumwona mtu huyo kwa macho yangu. Nilitazama nyuma yao. Hakukuwa na mtu wa tatu.

"Dereva iko wapi?" nikauliza.

Anko alitoa mfuko wa plastiki kifuani, ndani yake mna disketi ya mraba. "Hii hapa. Haikulowa hata."

Niliitazama. Ilitosha kwenye kiganja. "Na ile ingine? Ile ilikufa?"

"Ile ya bure? Nimeifuta kitambo."

Hapo adabu ikaniishia. Nilipiga kelele iliyoshinda mvua. Nilimwuliza Anko kwa nini amemfuta Baba. Nilisema buti siwapi, kikombe siwapi, na huyo wao mdogo wa plastiki alale nje. Mzee Hassan alirudi nyuma hatua. Anko alisimama na disketi yake mkononi, mdomo wazi, na nikaona jambo lenyewe likimwingia pole pole, kutoka macho hadi mabega, mpaka akakaa chini.

Mama alinivuta, akanikalisha mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa kwa mapaja. Nilimwambia yote kwa mpigo. Nilingoja aseme kile ambacho mama yeyote angesema, kwamba Baba ni mzima, nyamaza. Hakusema. Alininyoosha kola, akaniangalia usoni kama anavyowaangalia watu wazima.

"Hiyo ni dereva ya mashine," alisema. "Hiyo ndiyo ilikufa. Ya Baba sijui. Wanasema yuko, na mimi sijui. Hata mimi naogopa kama wewe."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na sijui kwa nini lilinituliza. Labda kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja wa pazia. "Kaa hapa," akaongeza. "Tutasikia pamoja."

Anko alianza kazi yake. Aliandika maneno meupe kwenye skrini nyeusi, akaingiza namba za leseni akizisoma kwa midomo, akazima mashine, akaiwasha. Feni ilivuma na ile harufu ya vumbi la moto ikajaa chumba. Spika moja ilikohoa. Halafu zote mbili zikatoa mlio, kengele ndogo tu ya majaribio, na Anko aliruka na kugonga kichwa kwenye rafu. Mzee Hassan alishangilia kama amefunga bao.

Mama akasema, "Ngoja."

"Nini tena, dada?"

"Mvua. Hatutasikia vizuri. Ngoja ipungue."

Mvua ilipungua, akasema ngoja kidogo. Ikabaki ya kudondoka kwenye ndoo, akasema bado. Tulielewa wote. Muda wote ule alikuwa amepigania kusikia, na sasa kwa kuwa ilikuwa kazi ya kidole kimoja, alitaka kukaa kidogo zaidi katika nchi ambayo Baba hajafa. Hakuna aliyemharakisha. Mzee Hassan alitazama mikono yake. Mwishowe Mama aliishika kanga yake kwa nguvu na kumwitikia Anko kwa kichwa.

Kwanza kulikuja fujo za mahali pengine: mlango, kikombe, mtu anayesema kwa Kiingereza "sema sasa". Kisha koo likasafishwa. Nililijua koo lile kabla halijasema neno.

"Imeanza? Hii kitu imeanza?" Kimya. "Nyar Ugenya."

Ndivyo alivyomwita Mama, binti wa kwao Ugenya, na ndani ya nyumba tu, si mbele za watu. Hakuna mwingine aliyelijua jina hilo.

"Eeh," Mama akajibu. Ilimtoka kama pumzi.

Baba hakuwa amezoea kuongea na chombo. Aliongea kama yuko kwenye simu, akiuliza na kungoja, na ile nafasi ya kungoja ilikuwa imerekodiwa nayo. Alisema anajua Mama atakataa kuamini. Alisema amemwambia daktari, huyo bibi yangu hata mkimwandikia gunia la barua atauliza nani ameandika. Alisema lori lilikwenda korongoni, mikono imevunjika, lakini kichwa kizima, miguu mizima, na kwamba analishwa uji kwa kijiko na nesi mkali kuliko mwalimu wa nasari. "Cheka basi," akasema, akangoja. Mama alikuwa analia na kucheka kwa uso huo huo mmoja, hawezi kuchagua. Mzee Hassan alijifuta macho kwa ncha ya kilemba, akinong'ona Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Mimi nilihisi kitu kilichokuwa kimekaa juu ya kifua changu kikinyanyuka, nikajua kwa mara ya kwanza jinsi kilivyokuwa kizito.

"Tanboi," Baba akasema. Tanboi ni yule msaidizi wa lori anayekaa kando ya dereva, na ndilo jina alilonipa. "Tanboi wangu, uko?"

Akanyamaza. Maji yalidondoka kwenye ndoo. Anko akanisukuma kwa kiwiko.

"Niko," nikaiambia mashine.

"Sawa," akasema Baba. "Hata mimi niko."

Mama akamshika Anko mkono kabla hajagusa kitu kingine. "Rudisha," alisema. "Rudisha hapo."

Anko akarudisha. Akarudisha tena, na kila mara nilijibu, na kila mara Baba alinijibu, mpaka stima ikapotea kama kawaida yake baada ya mvua. Skrini ikazimika na doa lake, chumba kikawa giza la alasiri. Anko akaanza kuilaani kampuni ya umeme. Mama hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ameshasikia.